Hati za Karthago: Mkristo na Kishawishi cha Uongo



Mwaka 250, kwa amri ya Kaisari Decius, wakazi wa dola ya Rumi walitakiwa kuitolea miungu sadaka. Mtu alifika mbele ya wakaguzi, akamwaga kinywaji, akaonja nyama ya tambiko, kisha akapewa hati ya kuthibitisha. Huko Misri zimepatikana hati zaidi ya 40 za namna hiyo, zilizoandikwa kwenye mafunjo. Maneno yake yanakaribiana: mwombaji anadai kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na sasa ametoa tena mbele ya wakaguzi. Hata kuhani wa kike wa mungu mamba alilazimika kuwa nayo.

Wakristo wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, hawakuitikia amri hiyo kwa namna moja. Wapo waliokataa, wakafungwa na kuteswa. Wapo waliokimbia. Wapo waliotoa sadaka, wengine hata kabla ya kushurutishwa. Na wapo waliomlipa ofisa, wakapewa hati ya sadaka ambayo hawakuitoa. Hao wa mwisho ndio wanaonileta mbele yenu jioni hii.

Askofu wao, Sipriani, ametuhifadhia utetezi wao. Walisema hawakugusa madhabahu ya miungu. Walimweleza hakimu kwamba wao ni Wakristo, wakamwomba apokee fedha na kuwaacha. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa ilitoka kwa watu walioogopa kifo na bado hawakutaka kumkana Kristo. Lakini hati ilikuwa na kazi moja tu, kushuhudia, na anayeishika amekubali isemwe kwa jina lake kwamba ametoa sadaka. Sipriani aliwahukumu kwa upole kuliko waliotoa sadaka, ila hakuwaita wasio na hatia.

Sipriani mwenyewe alijificha wakati huo, na wapo waliomlaumu. Tusichanganye mambo mawili. Anayejificha anamnyima mtesi habari. Anayenunua hati anampa habari ya uongo. Mkristo hadaiwi kumwambia kila mtu kila jambo. Anadaiwa asiweke jina lake chini ya neno analojua si kweli. Mwaka 258, alipoamriwa uso kwa uso kutoa sadaka, Sipriani alikataa, akakatwa kichwa.

Kishawishi cha pili kilikuja na sura ya huruma. Waungamadini walioteseka gerezani waliandika barua za kuwaombea walioanguka, yaani waliotoa sadaka au kununua hati, wapokelewe tena kanisani, na barua hizo zikawa nyingi mno, nyingine zikimtaja mtu mmoja pamoja na jamaa zake wasiotajwa majina. Hivyo aliyenunua karatasi ili akwepe kifo aliweza kupata nyingine ili akwepe toba. Maaskofu waliokutana Karthago mwaka 251 waliamua kwamba walionunua hati wapokelewe baada ya kila mmoja kuchunguzwa peke yake.

Hati za uongo tunazo hata sisi. Mwaka 2017, uhakiki wa serikali ya Tanzania ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Utetezi unaotolewa katika mambo haya ni ule ule wa Karthago: kazi naiweza, cheti ni karatasi tu. Mimbarani tunakemea ulevi na uzinzi kwa sauti kubwa. Risiti iliyoongezwa na mahudhurio ya kusainiana tunayapita kimya, kana kwamba dhambi ikishaandikwa na kupigwa muhuri inageuka kuwa utaratibu.

Sipriani aliwasifu waumini ambao hawakutoa sadaka wala kununua hati, lakini walikuwa wamewaza kufanya hivyo, nao wakaliungama wazo hilo kwa uchungu. Uaminifu wa namna hiyo hukua mahali ambapo kusema kweli kunawezekana. Kwa hiyo nayaomba makanisa yetu yampe mtu nafasi ya kukiri kwamba cheti chake si halali, kisha yamsindikize anapoachia cheo na kurudisha kisicho chake. Tukimfukuza aliyekiri, tunawafundisha wengine kuficha. Tukimfariji kabla hajakiri, tunamwandikia sisi wenyewe hati nyingine ya uongo.