MTU HUPANGA, MUNGU HUAMUA
(Hotuba ya katekista siku ya Yubile)



Siku ya yubile watu huhesabu kazi za mikono yao: tulijenga hiki, tulianzisha kile. Ni vema kushukuru. Lakini leo naomba tuhesabu pia mipango iliyoanguka, maana humo mkono wa Mungu huonekana zaidi.

Tutazame Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1883 Mbelgiji mmoja, ofisa Émile Storms, alijenga boma pale. Alitaka kutawala nchi ile, akapigana na wasultani wake. Mwaka 1885 aliitwa kurudi Ulaya, na boma likaachwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Mahali pa bunduki pakawa mahali pa sala.

Hata wamisionari walikuwa na mipango yao. Kardinali Lavigerie alitumaini kwamba ufalme wa kikristu utainuka katikati ya Afrika, naye Kapitani Joubert alikuja kuwalinda watu kwa silaha. Lavigerie alikufa mwaka 1892, na ufalme ule haukuinuka. Lakini mtoto mmoja wa nchi ya Marungu, Stefano Kaoze, alisoma Mpala, na mwaka 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo yote ya Wabelgiji. Watu walitafuta mfalme. Mungu alitoa padri.

Nami nina ushuhuda mdogo. Nilipokuwa katika seminari ndogo, nilikuwa nimekwisha kupanga maisha yangu yote: upadri, masomo ya mbali, pengine na ukubwa. Baba akafariki, wadogo wangu wakabaki bila mlezi, nikarudi nyumbani. Nilimnung'unikia Mungu muda mrefu. Wenzangu walipopewa upadri, nilikaa nyuma kabisa ya kanisa. Kisha usiku mmoja niliitwa kumbatiza mtoto aliyekuwa karibu kufa, padri akiwa mbali. Nilipomwaga maji yale, nilifahamu kwamba Mungu hakunisahau: alinitaka palepale nilipokuwa.

Ndugu wapenzi, sisemi tukunje mikono. Mkulima anayemtumaini Mungu hulima. Lakini Mtume Yakobo anatuonya tusijivunie kesho, bali tutangulize mapenzi ya Bwana katika kila shauri. Tunataka kujenga kanisa kubwa zaidi: vema, tujenge. Lakini tukigombania jina la nani litaandikwa juu ya jiwe la msingi, tunajenga mnara wa Babeli. Yezu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, aliyaweka mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba. Nasi ni nani hata tumpite Bwana wetu?

Mungu aibariki mipango yetu iliyo yake. Na ile isiyo yake, aivunje mapema, kabla haijatuvunja sisi.

Amina.