Kuishi na tumbo lililopunguzwa: maneno kwa wanamemba waliopasuliwa ng'ambo na kwa wale wanaowapikia



Komite ilituomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine walicheka liliposomwa kwenye ajenda. Walisema: "Kupasuliwa ju ya kupunguza kilo? Hiyo ni maradi ya watajiri. Sisi huku tunatafuta kilo, wao wanazitupa." Tulicheka pamoja nao. Lakini sisi tunaozunguka nyumba kwa nyumba, hapa Uvira na pembeni, tumekuta wanamemba waliorudi kutoka Marekani, Kanada na Ubelgiji wakiwa wamepasuliwa namna hiyo, na wengi wao wanaficha.

Tueleze kwanza kazi yenyewe. Operesheni hizi hazikuanza jana: munganga Edward Mason wa Iowa, Marekani, alifanya ya kwanza ya aina ya kuzungusha njia ya chakula mwaka 1966. Leo ziko mbili zinazofanywa sana. Katika moja, wanakata karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, kinabaki kitu chembamba sawa ndizi. Katika nyingine, wanatengeneza kifuko kidogo sawa yai na kukiunga moja kwa moja kwenye utumbo, chakula kinaruka sehemu kubwa ya njia yake ya zamani. Hawafanyi hivyo kwa urembo. Mutu anakuwa na kilo nyingi mno pamoja na sukari, tansiyo, magoti yasiyobeba tena mwili. Kwa wengi sukari inashuka mpaka dawa zinapunguzwa. Kwa hiyo musimuone mwenzenu kama mutu aliyelipia uzuri.

Sasa sikilizeni mambo yaliyompata mama mmoja wa chama chetu. Alikubali tuyaseme bila jina.

Alipasuliwa huko ng'ambo, ile aina ya kuzungusha njia. Kilo zikashuka, akarudi nyumbani, hakumwambia mutu. Magoti yakamuuma kwa zile ngazi za kwao, akanunua diclofenac sokoni, akameza kila siku. Hapo njo mwanzo. Kwa mutu mwenye kifuko kile, diclofenac, ibuprofen na aspirini zinaweza kutoboa vidonda pale walipounga. Akaanza kutapika. Akatapika wiki moja, ya pili, ya tatu. Familia inaona mama anakonda, anatapika, akili inaanza kupotea kidogo: wakasema ni karuho. Wakampeleka kwa mutu wa miti, akapewa dawa ya kutapisha zaidi, ili sumu itoke!

Walipomfikisha fasi ya matibabu, macho yalikuwa yanaona vitu viwiliviwili na miguu haimshiki. Wakamtundikia serumu ya glukozi, kama wanavyomtundikia kila mugonjwa aliyeishiwa nguvu. Akazidi kuwa mubaya. Ni munganga mmoja wa Bujumbura aliyeona makovu madogomadogo kwenye tumbo na kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza. Mama anaishi. Anatembea na fimbo.

Kilichomuharibu miguu na macho ni ukosefu wa vitamini B1. Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini hiyo; mutu akitapika wiki chache tu, inaisha. Na glukozi ikiingia mbele ya B1, inakula ile kidogo iliyobaki na ubongo unaumia. Njo sababu tunawaomba mushike jambo hili hata mukisahau mengine yote: mutu aliyepasuliwa tumbo, akitapika siku mbili tatu mfululizo, apelekwe kwa munganga, na munganga aambiwe wazi kwamba amepasuliwa, ili apigwe sindano ya B1 kabla ya glukozi. Sindano hiyo si ya bei kubwa. Kutapika namna hiyo si karuho, na hata kama unaamini karuho, sindano ipite kwanza.

Tuje kwenye sahani. Vitabu walivyopewa huko vinasema mambo ya maziwa ya unga na samaki wa kopo. Hapa tunakula bugali. Na bugali, sisi wote tunajua, haitafunwi: unaviringa, unachovya, unameza. Kwa tumbo lile, tonge la muhogo linakwama kama kizibo, mutu anatoka jasho, anatapika pale pale mezani. Si kusema asile bugali maisha yote. Kidogo sana, laini, atafune kama anatafuna nyama, na aanze na kile kinachojenga mwili: yai, maharagi yaliyopondwa, mashanza, samaki wa ziwa. Waganga wengi wanaomba angalau gramu 60 za protini kwa siku, na huku kwetu ndagala zinasaidia sana. Zisage ziwe unga, utie kwenye uji au kwenye sombe. Zimeliwa na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu imo pia. Mafuta ya mawese yapunguzwe. Miwa na maembe yenye nyuzi, afadhali kuyaacha.

Maji ayanywe mbali na chakula, angalau nusu saa baadaye, tena kidogokidogo siku nzima. Sukari ni shida nyingine: chupa ya fanta au chai ya vijiko vinne inaweza kuleta moyo kukimbia, kizunguzungu na kuharisha ndani ya nusu saa. Pombe inapanda haraka kuliko zamani. Glasi moja ya kasiksi inafanya kazi ya tatu. Muislamu anayetaka kufunga aongee na munganga mbele ya Ramadhani, asiamue peke yake.

Vinini vya vitamini ni vya maisha yote. Hapa wengi wanateleza: vikiisha vile walivyoleta kwenye valizi, wanaona bado wana nguvu, wanaacha. B12 inaisha polepole, hata kwa miaka, halafu vidole vinaanza kufa ganzi. Damu inapungua, na huku kwetu malaria na minyoo zinaipunguza tayari. Wamama, hasa nyinyi: mimba ingojwe mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu baada ya kupasuliwa, na vinini vya uzazi wa mpango vinaweza kukosa nguvu kwa aina ile ya kuzungusha, kwa hiyo ulizeni sindano au njia nyingine. Nywele zikidondoka mwezi wa tatu au wa nne, musiogope sana, mara nyingi zinarudi.

Liko jambo ambalo dawa haifikii. Kwetu, mutu anayetoka Ulaya anatakiwa arudi amenenepa. Akirudi amekonda, ngozi imelegea, watu wanasema Ulaya imemushinda, ao wanataja SIDA kwa sauti ya chini. Kwenye matanga anapewa sahani iliyojaa, anakula vijiko vitano, tayari ni dharau. Baba mmoja alituambia kwamba ameacha kwenda kwenye vilio kwa sababu ya sahani. Tulibishana kati yetu kama ni haki kumuomba aseme siri yake mbele ya watu. Tumeona kwamba si lazima. Lakini mutu mmoja ndani ya nyumba ajue, na anayegawa chakula awekee watu kama hao sahani ndogo bila kuuliza maswali. Sahani ya kikombe cha chai inatosha.

Sasa kese. Kese yetu inasaidia mutu aliyelazwa na familia iliyofiwa. Wengine wanasema aliyekuwa na uwezo wa kupasuliwa Marekani anunue vitamini zake. Tunawajibu hivi: huko, kwa wengi, ilikuwa bima iliyolipa, si mfuko wao. Hapa bima hiyo haiko, na wengi wao wanauza mkaa na vitenge kama sisi. Yule mama, tuliposaidia kumtoa, alituletea bili ya kulazwa iliyopita mara nyingi bei ya sindano za B1 na B12. Tunaomba komite ikubali kese ilipe kipimo cha damu mara moja kwa mwaka kwa kila aliyepasuliwa, pamoja na akiba ndogo ya sindano hizo kwenye kituo cha afya tunachofanya nacho kazi. Kura itapigwa mkutano ujao, na wafadhili wanaotaka kuchangia sehemu hiyo waambie katibu.

Kwa leo, wenye karatasi za operesheni kwa Kiingereza ao Kiflama wazilete kwetu. Tutaandika karati ndogo kwa Kifaransa: aina ya operesheni, mwaka, dawa zilizokatazwa, na neno la B1 kwa herufi kubwa juu kabisa. Muitie kwenye plastiki, muiweke pamoja na karati ya uchaguzi. Tutabaki hapa nje, chini ya mwembe, mpaka saa kumi, na anayependa tuje nyumbani kwake jioni bila majirani kuona, atuambie tu siku.