Uchakavu wa Mgongo



Sisi wahasibu, gari likinunuliwa tunalihesabia uchakavu kila mwaka. Mgongo wa mbeba mizigo hatujauhesabia hata siku moja.

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanaume mzima asibebe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Lumbesa tunazijua wenyewe: zinapita 100. Kijana wa miaka 20 akilala, asubuhi anaamka mzima, ndiyo maana hasikii akiambiwa. Lakini zile diski laini kati ya pingili za mgongo hupungua maji kadiri umri unavyosogea, na zikishachanika hazirudi upya. Mzee wa miaka 50 anabeba kwa akili: anapiga goti, anaukumbatia mzigo. Tatizo wote wanalipwa kwa gunia, basi naye anakimbizana na vijana.

Kwa hiyo kapu la leo ni la toroli, wazee wapewe kwanza. Kitakachobaki kianzishie vijana uanachama wa hiari wa NSSF. Tulio maofisini tuanze kutoa.