Uzito wa Mwili na Maisha ya Mfanyakazi wa Ofisini

Maelezo kwa Wafanyakazi wa Serikali, Unguja



Katika visiwa hivi mtu aliyenenepa husifiwa kuwa amenawiri, na bibi arusi akinenepa miezi michache baada ya harusi, sifa humwendea mumewe. Anayepungua huulizwa anaumwa nini. Tangu ukimwi ulipoingia nchini, swali hilo limekuwa zito zaidi. Wapo waliotakiwa na daktari wapunguze uzito kwa ajili ya shinikizo la damu au kisukari, wakaanza vizuri, kisha wakaacha njiani kwa kuchoshwa na maneno ya majirani. Yafaa basi watu wa nyumbani waelezwe mapema, ili anayepungua kwa makusudi apewe moyo badala ya kuombewa dua ya mgonjwa.

Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni chepesi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 77 hupata 30, na hapo ndipo unene wa kupindukia unapoanzia. Uzito uliozidi huanzia 25. Mtu huyo hatakiwi kurejea umbo la ujana wake. Akipunguza asilimia 5 tu, yaani kilo 4 hivi, shinikizo la damu na sukari kwa kawaida huanza kupata nafuu.

Wengi huanza kwa kujinyima. Asubuhi chai tupu, mchana hapana, na usiku njaa ikishinda huliwa sahani mbili za pilau, tena karibu na saa ya kulala. Njia hiyo haidumu wiki tatu.

Jambo linalosahauliwa kabisa ni usingizi. Kwa asiyelala vya kutosha, homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda, na ile ya shibe, leptini, hushuka; ndipo ifikapo saa 4 asubuhi mfanyakazi haoni faili, anaona sinia la maandazi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachunguza watu wazito waliokuwa wakila chakula cha kupunguza uzito. Kwa wiki mbili walipewa saa 8 na nusu za kuwa kitandani, na kwa wiki mbili nyingine saa 5 na nusu. Uzito ulipungua kwa kiasi kilekile, yapata kilo 3, lakini katika siku za usingizi mchache mafuta yaliyoondoka yalikuwa chini ya nusu. Sehemu kubwa iliyopotea ilikuwa nyama ya mwili, ambayo hakuna anayetaka kuipoteza. Mwaka 2022 chuo hicho hicho kilitoa matokeo ya watu 80 waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu. Waliosaidiwa kuongeza usingizi wao kwa saa moja na zaidi walikula pungufu ya takriban kalori 270 kwa siku, bila ya kuamrishwa wabadilishe chakula.

Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi. Anayeamka saa 11 kwa sala ya Alfajiri hana nafasi ya kuongeza usingizi mwishoni. Lazima auongeze mwanzoni, yaani saa 4 usiku awe amelala. Hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa televisheni, simu ya mkononi na kahawa ya barazani baada ya Isha vyote humvuta upande mwingine. Barazani aweza kukaa bila ya kunywa kahawa, ingawa wenzake watamcheka. Usingizi mfupi wa adhuhuri unafaa, lakini haufidii usiku mzima. Na anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika aende hospitali, kwani huo ni ugonjwa wenye tiba.

Kuhusu kazi, mfano mzuri umetoka London. Mwaka 1953 Dk. Jeremy Morris na wenzake walitangaza kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa, waliokaa kitini siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta wa mabasi hayo hayo, waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Mwaka 1956 wakapima sare zao: suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Karani wa leo ndiye dereva yule. Hawezi kuacha kalamu akalime mwani Paje au kuchuma karafuu Pemba, lakini aweza kupeleka faili mwenyewe badala ya kumwita tarishi, na kuzungumza na simu akiwa amesimama. Kutoka Darajani hadi Forodhani kwa miguu hakufiki nusu saa. Mwendo wa haraka wa dakika 150 kwa wiki ndicho kima cha chini kinachoshauriwa.

Chakula hakihitaji kununuliwa cha kigeni. Muhogo wa kuchemsha, samaki wa kuchoma, kunde, mchicha na kisamvu vipo sokoni kila siku. Tatizo ni mafuta ya kukaangia, tui zito na sukari. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, limeona ni bora zisizidi 25 hivi kwa siku. Sukari ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, na ulimi utazoea. Wali usiondolewe, upunguzwe, na mboga ijaze nusu ya sahani. Mpishi wa nyumba ashirikishwe, kwani chungu ni kimoja.

Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu kipimo cha dawa huenda nacho kikahitaji kupunguzwa.