Mgongo Husikilizwa Kabla ya Kukandwa



Mkulima wa alizeti afikapo kwa mtaalamu wa fiziotherapia akilalamikia mgongo, dhana ya kwanza huja upesi: kuinama shambani na kubeba magunia. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Hata hivyo, mtaalamu makini haishii hapo. Huipima kwa maswali na uchunguzi wa mwili, akitafuta pia dalili za kuikanusha.

Maumivu ya kazi kwa kawaida hubadilika kwa mwendo na hupungua kwa mapumziko. Yasiyotulia usiku, yakiandamana na homa, jasho na kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata mgonjwa asipokohoa. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kukandwa, bali rufaa ya haraka. Akicheleweshwa aweza kupooza. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hayalipiwi.

Basi mgonjwa asifiche neno. Ganzi ya miguu au sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo, kuanguka na bodaboda: yote yasemwe, hata yasipoulizwa.