Safari za Familia Wakati wa Machafuko: Kwenda au Kuahirisha?

(Mazungumzo yaliyotolewa mjini Kampala mbele ya wawakilishi wa jamii za mipakani, madereva na makondakta wa mabasi ya safari ndefu)

Tunawashukuru mliotoka Busia, Malaba, Lwakhakha na Mutukula kuja kutusikiliza, hasa ninyi mliosafiri usiku kucha. Tumeombwa tuzungumzie swali linalotufikia kaunta kila msimu wa uchaguzi, na kila redio inapotangaza ghasia upande huu au ule wa mpaka. Familia imekwisha kupanga safari, nauli imelipwa, wenyeji wanangoja. Je, waende au waahirishe?

Tutaanza na kosa letu wenyewe. Mwezi wa Januari 2008 baadhi yetu tulikuwa makonstebo wachanga hapa mjini. Alifika kituoni mama mmoja, mtoto mgongoni na wengine wawili wamemshika nguo. Alikuwa amekuja kwa wazazi wake kula Krismasi, na mumewe alibaki Nakuru kazini. Shule za Kenya, zilizokuwa zimechelewa kufunguliwa kwa sababu ya machafuko, zilikuwa zimefunguliwa, naye alikuwa amesikia kwamba mambo yanatulia. Akatuuliza, "Afande, nirudi na watoto, au ningoje?" Tukamjibu kama tulivyozoea kujibu: "Mama, hali ni shwari." Akatutazama kidogo, kisha akasema, "Shwari ya wapi, afande? Ya Nairobi au ya njiani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumerudia maneno ya taarifa ya habari.

Wengi wenu mnakumbuka mwezi ule ulivyokuwa. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na usiku huo huo nchi ikaanza kuwaka. Hapa Kampala hatukuona moshi, lakini tuliuhisi, kwa kuwa mafuta yetu hupita Kenya kutoka Mombasa. Magari yakapanga foleni kwenye vituo vya petroli, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Reli iling'olewa Kibera. Malori yakajaa mpakani yakingoja kusindikizwa na askari. Wananchi wapatao 12,000 wa Kenya walivuka kuja kwetu kupitia Busia na Malaba. Wengine walipokewa na jamaa zao, wengine wakapelekwa kambi ya Mulanda wilayani Tororo, na baadaye Kiryandongo. Baadhi yenu mliomo humu mliwafungulia milango, na hilo hatujalisahau.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu tarehe, kwa maana ndilo lililotufundisha. Ghasia za kwanza zilipungua katikati ya Januari. Bwana Kofi Annan akawasili kusuluhisha, na tarehe 24 Januari Rais Kibaki na Bwana Odinga wakapeana mikono hadharani, picha zikaonekana dunia nzima. Mtu yeyote aliyekuwa amekaa juu ya mizigo yake angesema: basi, yamekwisha, twende. Lakini kabla ya siku nne kupita, Nakuru na Naivasha zilikuwa zinawaka, na barabara kuu ya kutoka kwetu kwenda Nairobi ikawa na vizuizi vya mawe ambapo abiria waliulizwa majina na kabila. Mapatano yenyewe yalitiwa saini tarehe 28 Februari. Kufikia hapo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha.

Yule mama hakusafiri. Na si sisi tuliomzuia. Ni shangazi yake, aliyekataa kabisa watoto wasitoke uani kwake mpaka mume apige simu kutoka Nakuru na kuita mwenyewe. Hatusemi kwamba angedhurika, kwa kuwa yapo mabasi yaliyopita salama. Wala hatusemi kwamba kungoja kulikuwa bure. Alirudi mwezi Machi, mtoto wake mkubwa amepoteza karibu muhula mzima, na mumewe amekaa miezi miwili bila kuwaona. Hiyo ndiyo gharama ya kuahirisha, na mtu asiwadharau wanaoiogopa.

Tangu hapo tumejitahidi kulitumia neno "shwari" kwa uangalifu. Polisi anaposema hali ni shwari, mara nyingi anamaanisha kwamba askari wameushika mji na maduka yanafunguliwa. Hilo ni kweli na ni jema. Lakini si jibu la familia yenye watoto watatu na saa kumi na mbili za barabara. Kwa hiyo mkituuliza, tuulizeni hivi: barabara ikoje, kutoka wapi mpaka wapi, na saa ngapi? Afisa asiyejua aseme hajui, apige simu kituo cha mbele. Mkijibiwa "shwari" tupu, ulizeni tena; hamtakuwa mmekosa adabu.

Barabara, ndugu zetu, ina tabia zake. Kwenda Nairobi, wapo wanaosema, "Malaba pakichafuka tutapitia Busia." Ni kweli njia ni mbili, moja kupitia Eldoret na nyingine kupitia Kisumu na Kericho. Lakini zote mbili hukutana Mau Summit, na kutoka hapo mpaka Nakuru na Naivasha ni barabara ile ile. Mwaka 2008 matatizo makubwa ya mwisho wa Januari yalikuwa baada ya makutano hayo. Anayebadilisha mpaka bila kutazama mbele amebadilisha mandhari tu.

Na tusijifanye kwamba mambo haya ni ya jirani. Tarehe 18 Novemba 2020 mgombea mmoja wa urais alikamatwa wilayani Luuka, na katika muda wa saa chache Kampala, Masaka na miji mingine ilikuwa na matairi yanayowaka barabarani. Katika siku mbili watu 54 walikufa kwa hesabu iliyotolewa na Serikali, na Rais mwenyewe alieleza kwamba baadhi yao hawakuwa waandamanaji, walipigwa na risasi zilizopotea. Tunalitaja hili tukijua kwamba linatuhusu sisi tuliovaa sare. Tunalitaja pia kwa sababu siku hiyo haikuwa kwenye kalenda ya mtu. Haikuwa siku ya kura wala ya matokeo. Aliyetoka Busia asubuhi akiwa na watoto hakuwa amekosea lolote. Alichohitaji ni mahali pa kusimama Iganga au Jinja, na mtu wa kumpokea hapo.

Hili tunalisisitiza kuliko mengine. Familia nyingi hupanga kuondoka na kufika. Chache hupanga kusimama katikati. Kabla ya kukata tiketi, kaeni kikao kidogo nyumbani, mhesabu miji iliyo njiani, na mjiulize: hapa tuna nani? Jamii zetu zina bahati ambayo watu wa mbali hawana. Wasamia, Wateso, Wagisu na Wabukusu, Wasabiny na Wasabaoti, mpaka ulipita katikati ya nyumba zao, na kila mji una binamu au shemeji. Mpigieni simu kabla, si baada ya kukwama. Mwulizeni jana usiku alisikia nini, na kama malori yanapita. Dereva wa lori hujua hali ya barabara kabla ya waziri, na malori yakianza kuegeshwa kwa wingi Malaba bila sababu ya forodha, hiyo ni habari. Basi la usiku likifutwa, hiyo nayo ni habari. Anayewauzia tiketi, madereva na makondakta mtusamehe, ni mtu wa mwisho kuulizwa.

Pili, semeni mapema nani ana neno la mwisho. Tumeona familia zikibishana kituo cha mabasi, baba anataka kwenda kwa sababu nauli hairudishwi, mama anaogopa, bibi analia, na basi linapiga honi. Uamuzi unaofanywa na honi si uamuzi. Yule shangazi wa 2008 hakuwa na elimu ya usalama. Alikuwa na sharti moja lililo wazi, na kila mtu nyumbani alilijua. Wekeni sharti lenu: tutaondoka iwapo fulani wa Nakuru, au wa Jinja, au wa Bukoba atapiga simu asubuhi ya safari aseme amepita mwenyewe. Asipopiga, tunabaki, na hakuna atakayelaumiwa kwa nauli.

Kuhusu msiba, hatutamwambia mtu asiende kumzika mzazi wake. Maziko hayangoji, na kwa ndugu zetu Waislamu hayangoji hata kesho. Lakini si lazima nyumba nzima iende. Wakati wa machafuko aende mtu mzima mmoja au wawili, kwa mchana, wakiwa na mizigo midogo, na watoto wabaki. Wazee wetu, hapa tunawaomba msaada: ninyi ndio mnaoweza kutangaza matangani kwamba ambaye hakuja na wanawe hakuvunja heshima. Likitoka kwenu litasikika. Likitoka kwetu litaonekana amri ya polisi.

Tuseme machache juu ya pesa na hati. Mnategemea sana pesa za simu, nasi pia. Lakini siku ya uchaguzi wa tarehe 18 Februari 2016 hapa Uganda huduma hizo zilifungwa, na katika uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Msafiri ambaye tiketi, pesa na namba za jamaa zote zimo kwenye simu hujikuta amekuwa mkimbizi kwa alasiri moja. Chukueni fedha taslimu za siku mbili au tatu, za nchi zote mbili, msizitie mfuko mmoja. Andikeni namba za simu kwenye karatasi, na karatasi nyingine itieni kwenye mfuko wa mtoto anayeweza kusoma. Watu wazima wachukue kitambulisho cha taifa, na mtoto awe na cheti chake cha kuzaliwa. Akisafiri na shangazi au mjomba, awe na barua ya wazazi iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa LC. Penye vurugu, mtoto asiye na karatasi hutupa shida kubwa kumrudisha kwa wenyewe.

Mkikutana na kizuizi cha vijana barabarani, dereva asimame mbali, asijaribu kupenya. Abiria wasipige picha, wala wasibishane siasa, hata kama ni za chama chao. Geuzeni mapema. Hapa Uganda pigeni 999 au 112, mtaje mahali mlipo kwa jina la kijiji au daraja, kwa kuwa "njiani kuelekea Jinja" haitusaidii kuwapata.

Tumeona mkono umeinuliwa pale nyuma, na kwa jinsi mzee anavyotutazama, swali lenyewe ni la vizuizi vyetu sisi, si vya vijana. Karibu mzee, uliza.