Matakwa ya Nani? Kauli ya Kutendwa na Chimbuko la Haja Zetu: Mfano wa Mgololo



1.0 Utangulizi

Swali la mhadhara huu ni la kale: mtu anaposema "nataka", je, anayetaka ni yeye peke yake? Wahenga wetu walilijibu kwa namna mbili. Walisema "mtu ni watu", wakakiri kwamba utu wetu hujengwa na wenzetu. Kisha wakaonya kwamba "mwiga tembo hupasuka msamba". Mwaka 1961 mhakiki wa fasihi wa Kifaransa, René Girard, alidai kwamba baina ya mtu na kitu anachokitamani husimama mtu wa tatu, ambaye tamaa yake ndiyo inayoigwa. Nia yangu si kuwapima wahenga kwa mizani ya Girard. Nitaanza na sarufi, ambayo ndiyo kazi yangu, kisha tutakwenda Mgololo, wilayani Mufindi, tuone kama sarufi hiyo inatusaidia kuyaelewa maisha.

2.0 Kitenzi -taka na minyambuliko yake

Tuzichunguze tungo zifuatazo:

(1) Mvua inataka kunyesha.
(2) Juma anataka kusoma.
(3) Juma anataka mwanawe asome.
(4) Mtoto anatakiwa kusoma.

Katika (1) hamna nia yoyote. Kutaka ni kuelekea tu. Katika (2) anayetaka ndiye atakayesoma. Katika (3) wawili hao wametengana, ndiyo maana kitenzi cha pili kimepewa nafsi yake na kiishio -e. Katika (4) mwenye kutaka ametoweka. Takwa la mtu fulani limegeuka kuwa wajibu wa mtoto, wala tungo haisemi ni la nani.

Aidha, nomino tunayozitajia haja zetu, yaani matakwa, imejengwa juu ya shina la kutendwa, -takwa. Sidai kwamba mzungumzaji huliwaza hilo kila alitamkapo neno, wala kwamba sarufi ndiyo inayoamua fikra. Dai langu ni dogo zaidi: Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtendaji, na papo hapo kinatupa neno fupi la kumrudisha, nalo ni "na". Kinatakiwa na nani?

3.0 Mgololo

Katika Nyanda za Juu Kusini, kutakiwa kulitangulia kutaka. Enzi ya ukoloni, kodi iliwalazimisha wanaume wengi kutafuta fedha taslimu. Wakulima wa mkonge walitaka vibarua. Mwaka 1944 wakaunda shirika la kuwaandikisha, SILABU, na watu wa nyanda hizi walikuwa miongoni mwa waliosafirishwa hadi mashambani. Waliitwa manamba, jina lililotokana na namba walizopewa. Haja ya fedha iliyoanza kama amri iliendelea kuishi hata amri ilipokwisha.

Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza uzalishaji mwaka 1985, kikitegemea misitu ya kupandwa ya Sao Hill. Kilivuta wafanyakazi kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kilipitia kipindi cha kusimama, kikabinafsishwa mwaka 2004, na sasa kinajulikana kwa jina la Mufindi Paper Mills. Mahali pa namna hiyo, mtoto wa mkulima hukua akiona kwa macho yake mshahara, zamu na nyumba ya kazini. Hakuna aliyemwamuru azitamani. Amewaona tu wenye navyo, na jinsi wanavyoheshimiwa.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa miti. Katika miongo ya karibuni, wanavijiji wengi wa Mufindi wamepanda misindano na mikaratusi katika mashamba yao wenyewe. Msindano haufanani na mahindi: mpandaji husubiri miaka mingi kabla ya kuuona mbao. Mtu hupataje subira hiyo? Hutazama kwa jirani aliyetangulia kuvuna. Hapa kuiga si kupasuka msamba. Ni kuazima ushahidi ambao maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuukusanya. Hata hivyo, mkondo huohuo huweza kugeuka. Jirani akikata miti michanga kwa kuwa mnunuzi yupo mlangoni, wengine nao hukata, na subira iliyojengwa kwa miaka huporomoka katika msimu mmoja.

Hali kadhalika, lugha. Mahali wanapokutana watu wa asili mbalimbali, Kiswahili huwaunganisha, na hilo ni jema. Lakini mzazi Mhehe au Mbena anayeacha kuzungumza na mwanawe kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu "haitakiwi", ametumia tungo isiyo na mtendaji. Haitakiwi na nani? Na mwajiri? Na mwalimu? Au na jirani ambaye naye anasubiri kuona mzazi huyu atafanya nini? Nikiangalia namna lugha zinavyohama, naona kwamba mara nyingi jibu ni hilo la mwisho: kila mmoja anatii takwa ambalo hakuna aliyelitoa.

4.0 Hitimisho

Sipendekezi tuwe na matakwa yasiyoguswa na wenzetu. Mtu wa namna hiyo hayupo, na angekuwepo asingekuwa na lugha ya kuyasemea. Ninachopendekeza ni zoezi la kisarufi. Wanafunzi wangu, mnaposikia kwamba kozi fulani "haitakiwi sokoni", au kwamba lugha fulani "ndiyo inayotakiwa", ikamilisheni tungo hiyo kwa "na". Mtendaji akipatikana, mtaweza kupima: je, ananitakia heri, au ananitaka tu? Baina ya -takia na -taka pana kiambishi kimoja, -i-, na tofauti ni kubwa. Asipopatikana, basi huenda takwa hilo halina mwenyewe, na mna uhuru wa kuliacha.

Nasi walimu tujiulize swali hilohilo kabla ya kuwaambia vijana wanatakiwa kuwa nani.